Jaén hadi Puente Genil kwa baiskeli, mbali na magari: mwongozo kamili

Maswali yanayonifikia kila msimu ni yale yale. Mtu kakata tiketi ya ndege, kafika Hispania na baiskeli yake, halafu treni inamkatalia mlangoni. Mwingine kaanza safari saa sita mchana mwezi wa Agosti na chupa moja ya maji. Mwingine kamaliza njia yote salama, kisha kashinda kutwa kwenye mji mdogo akitafuta namna ya kuondoka. Miguu yao wote ilikuwa mizima. Njia yenyewe ni nyepesi; watu wanakwama kwenye ncha zake mbili, kwenye saa za mchana na kwenye maji.

Njia ninayoieleza ni Vía Verde del Aceite, kusini mwa Hispania, kutoka jiji la Jaén hadi Puente Genil, kilomita 128 hivi. Ni tuta la reli lililoachwa na treni na kufanywa njia ya baiskeli, miguu na farasi. Magari hayaruhusiwi. Inapita katikati ya mizeituni isiyo na mwisho na chini ya miji yenye ngome za kale. Hispania ina njia za namna hii zaidi ya mia moja, zinazoitwa Vías Verdes, kwa hiyo ukiimudu hii, hatua nyingi hapa zitakufaa kwingine.

Makadirio yangu ni siku nne za kuendesha kwa mtu wa kawaida asiye na mazoezi makali. Mwenye pumzi anamaliza kwa siku mbili, lakini huyo hahitaji mwongozo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya lolote

Baiskeli. Yenye gia na tairi za upana wa milimita 38 hadi 45. Sehemu kubwa ya njia ni udongo na kokoto zilizoshindiliwa, na kuna vipande vya lami. Tairi nyembamba za mashindano zitakutesa. Za milimani zitafika ila zitakula nguvu zako bure.

Taa mbili. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma, zote zimejaa chaji. Hizi ni za mahandaki. Taa ya simu haitoshi.

Kofia ngumu na kizibao kinachong'aa. Sheria ya Hispania inataka kofia ngumu nje ya miji, na kizibao giza linapoingia. Usibishane na askari kuhusu kama tuta la reli ni barabara au la. Vaa.

Maji. Uwezo wa kubeba lita tatu kwa kila mtu. Chupa mbili kwenye fremu na ya tatu kwenye mkoba.

Vifaa vya pancha. Mipira ya ndani miwili, viraka na gundi, vijiko vya plastiki vya kutolea tairi, pampu, funguo za pembe sita, kiungo kimoja cha cheni cha akiba, na vifungio vichache vya plastiki. Angalia vali zako: kama ni zile nyembamba, pampu lazima iwe ya kuingiana nazo. Watu wanabeba pampu nzuri isiyoshika vali yao.

Mikoba miwili ya pembeni na keria imara. Mgongo ubaki mtupu. Begi la mgongoni kwenye jua la Andalucía, jimbo hili la kusini, linakulowesha jasho kabla ya saa nne asubuhi.

Ramani isiyohitaji intaneti ndani ya simu, pamoja na betri ya akiba. Tovuti ya viasverdes.com ina ukurasa wa kila njia: hali ya ardhi, mahandaki, sehemu zilizofungwa.

Karatasi. Wenye pasipoti za Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen, hata kama wanaishi Uingereza au Oman. Wenye kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, kama Ujerumani au Uholanzi, hawahitaji kwa safari fupi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Bima ya matibabu iwe ya kuanzia yuro 30,000. Kwenye maelezo ya safari andika majina ya miji utakayolala, moja baada ya jingine. "Nitazunguka na baiskeli" haimridhishi afisa yeyote.

## Hatua ya 1: Hakikisha hii ndiyo njia unayoitaka

Kabla ya kulipa chochote, jipime kwa mambo mawili: siku ulizo nazo, na mwezi unaokwenda.

Kama una siku moja tu, nenda Vía Verde de la Sierra, kati ya Puerto Serrano na Olvera. Ni kilomita 36 zenye mahandaki 30, na mmoja wa miamba yake, Zaframagón, una kundi kubwa la tai mzoga. Kama unataka kushuka kutoka milimani hadi karibu na bahari, Ojos Negros inaanzia pande za Teruel, inapita juu ya mita 1,200, kisha inateremka kuelekea Sagunto. Ni zaidi ya kilomita 160, na majira ya baridi Teruel inaganda. Kama unatua Girona, ile ya kutoka Olot hadi Girona ina kilomita 54 na unaweza kuendelea nyingine 39 hadi baharini Sant Feliu de Guíxols.

Ninaipendekeza ya Jaén kwa anayeanza safari za siku kadhaa kwa sababu moja kubwa: miji iko karibu karibu. Ukichoka au ukiharibikiwa, hakuna mahali ambapo msaada uko mbali sana. Na miji mingi ina ngome, kwa hiyo huhitaji kwenda mbali na njia kutafuta cha kuona.

## Hatua ya 2: Funga mwezi, halafu usiubadilishe

Machi hadi katikati ya Mei, au Oktoba hadi Novemba mwanzoni. Nje ya hapo, uwe na sababu.

Julai na Agosti joto la Jaén na Córdoba, mikoa miwili inakopita njia hii, linapita nyuzi 40 mara kwa mara. Agosti 2021 mkoa wa Córdoba ulipimwa nyuzi 47. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa husema, "Sisi joto tumelizoea." Hili si lile. Ni joto kavu: jasho linakauka kabla hujaliona, hujisikii kuwa unapoteza maji, na mzeituni ni mti mfupi wenye kivuli chembamba. Unaweza kwenda saa nzima bila kupata pa kujikinga jua.

Kuanzia Novemba hadi Januari ni mavuno ya zeituni. Mandhari inapendeza na mashine za kukamua zinanukia njiani, lakini matrekta ya wakulima yanakatiza njia na kuacha tope zito. Mvua ikinyesha, udongo ule unagandia kwenye tairi hadi unajaza nafasi ya breki. Ukienda msimu huo, kubali kuosha baiskeli kila jioni.

Umefaulu hatua hii ukiwa na: tarehe kamili, na utabiri wa wastani wa joto usiozidi nyuzi 28 mchana.

## Hatua ya 3: Panga mlango wa kutokea kabla ya mlango wa kuingilia

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Treni za Hispania haziko sawa mbele ya baiskeli. Treni za mijini, Cercanías, zinaichukua ikiwa nzima bila malipo, isipokuwa zikijaa. Treni za masafa ya kati, Media Distancia, zinaichukua nzima pia, ila nafasi ni chache kwa kila safari na lazima uombe nafasi ya baiskeli unapokata tiketi. Treni za kasi, AVE na ndugu zake, zinataka baiskeli ifunguliwe na kuingizwa kwenye mfuko wa vipimo visivyozidi sentimita 120 kwa 90 kwa 40. Ukifika na baiskeli nzima mlangoni pa AVE, utabaki kwenye jukwaa ukiiangalia inaondoka.

Sasa linganisha ncha mbili za njia yetu. Jaén inafikiwa na treni ya masafa ya kati kutoka Madrid, na stesheni iko mjini. Puente Genil ni kinyume: stesheni ya treni za kasi, Puente Genil-Herrera, iko nje ya mji, na zinazosimama pale ni zile zinazotaka mfuko. Ndiyo maana naanzia Jaén na kuishia Puente Genil. Kuingia kuwe rahisi ukiwa bado mgeni. Kutoka utakupanga mapema.

Una njia tatu za kutoka, chagua moja sasa hivi:

1. Nunua mfuko wa baiskeli mwepesi unaokunjika, ubebe kwenye keria safari nzima, na upande treni ya kasi mwishoni. Unaongeza kilo moja hivi. Jifunze kufungua magurudumu mawili, pedali na usukani nyumbani, mara mbili, kabla ya safari.
2. Zungumza na teksi yenye gari kubwa ikuchukue Puente Genil na kukurudisha ulikotoka. Kwa kundi la watu watatu au wanne bei inavumilika. Mhudumu wa nyumba ya wageni utakayolala Lucena ndiye wa kumuuliza, wao wanafahamiana.
3. Kodi baiskeli badala ya kuja nayo, na ukubaliane na mwenye duka aje kuichukua mwishoni.

Basi nayo inawezekana, ila dereva ndiye mwenye uamuzi wa mwisho na hutaka baiskeli iwe ndani ya mfuko. Usiifanye kuwa mpango wako wa kwanza.

Umefaulu ukiwa na: tiketi ya kutoka, au jina na saa ya mtu anayekuja kukuchukua, vikiwa vimeandikwa kwenye simu na kwenye karatasi. Ndipo ukate tiketi ya kwenda.

## Hatua ya 4: Kukodi au kuja na yako

Kwa anayetoka Afrika Mashariki au Ghuba, jibu langu ni kukodi. Sanduku la baiskeli kwenye ndege linalipiwa, linabanwa, na ukitua unabaki na sanduku ambalo huna pa kuliweka hadi siku ya kurudi. Anayeishi Ulaya na anakuja kwa treni aje na yake.

Kwenye stesheni ya zamani ya Doña Mencía, katikati ya njia, kuna kituo cha wapanda baiskeli kinachokodisha. Piga simu au andika kabla, useme urefu wako kwa sentimita na tarehe, na uulize kama wanakodisha pia mikoba ya pembeni.

Onyo kwa wanaotamani baiskeli ya umeme: betri yake haipandi ndege ya abiria. Ukitaka ya umeme, kodi hukohuko.

Ukipokea baiskeli ya kukodi, usiondoke dukani kabla ya kufanya yafuatayo. Bana breki zote mbili na usukume mbele. Zungusha kila gurudumu uone kama linapepesuka. Pandisha na kushusha gia zote. Hakikisha kengele inalia. Kiti kiweke hivi: ukikaa na kisigino kikiwa juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Magoti yanayouma siku ya pili mara nyingi yanatokana na kiti kifupi.

## Hatua ya 5: Gawa njia kwa vitanda, kisha kwa kilomita

Reli ilijengwa ikifuata mabonde; miji ilijengwa vilimani, karibu na ngome, ili adui aonekane kutoka mbali. Matokeo yake ni kwamba njia inapita chini na kitanda chako kiko juu. Ramani inasema umefika Zuheros, kumbe umefika chini ya Zuheros, na kilomita ya mwisho ndiyo yenye mwinuko mkali kuliko zote za siku hiyo. Kwa hiyo kila ukitafuta pa kulala, angalia umbali wa kitanda kutoka kwenye njia, na kimo chake.

Mgawanyo ninaoutoa ni huu:

Siku ya kwanza, Jaén hadi Martos, kama kilomita 25. Fupi kwa makusudi. Unapita Torredelcampo na Torredonjimeno. Unazoea mzigo, unagundua kinachogonga na kinacholegea, na Martos kuna maduka ya kurekebisha. Jabali la Peña juu ya mji, lenye magofu ya ngome kileleni, utaliona muda mrefu kabla ya kufika.

Siku ya pili, Martos hadi Zuheros au Doña Mencía, kati ya kilomita 45 na 50. Hii ndiyo siku ndefu na ndiyo yenye nafasi kubwa zaidi kati ya mji na mji. Inateremka hadi mto Guadajoz, mpaka wa mikoa ya Jaén na Córdoba, unaovukwa kwa daraja refu la chuma; kisha inapanda polepole. Mji wa Alcaudete una ngome nzuri lakini uko pembeni, juu. Upitie ikiwa tu umeanza mapema. Ukiwa na miguu mizito jioni, lala Doña Mencía, kwa kuwa stesheni iko kando ya mji. Ukiwa na nguvu, panda Zuheros: mji mweupe umebanana chini ya ngome iliyojengwa juu ya mwamba, na kuna pango la popo, Cueva de los Murciélagos, la kutembelea kwa miadi. Hakuna ubaya kusukuma baiskeli kwenye kile kipando. Wenyeji wanasukuma.

Siku ya tatu, hadi Lucena, kama kilomita 25 hadi 30. Nyepesi, nyingi ni kushuka. Simama Cabra, stesheni yake imehifadhiwa pamoja na treni ya zamani. Lucena ni mji mkubwa kidogo, wenye hoteli na maduka ya baiskeli. Mnara wa ngome yake ya Moral ndimo alimofungwa Boabdil, mfalme wa mwisho wa Granada, alipotekwa mwaka 1483. Fika mchana upate muda wa kuuona.

Siku ya nne, Lucena hadi Puente Genil, karibu kilomita 30. Sehemu hii haina majengo mengi njiani. Beba maji kamili hata kama ni fupi.

Weka nafasi za vitanda vyote vinne mapema kama safari yako inagusa Wiki Takatifu kabla ya Pasaka. Wiki hiyo Andalucía nzima iko barabarani kwa maandamano ya dini, na vyumba vinaisha.

## Hatua ya 6: Asubuhi ya kuanza Jaén

Lala Jaén usiku wa kuamkia safari. Njia inaanzia pembezoni mwa jiji, upande wa viwanja vya michezo vya Las Fuentezuelas, na ukishuka treni jioni ukitaka kuitafuta hapohapo utazunguka kwenye magari, jambo ambalo ndilo ulilolikimbia.

Ondoka saa moja na nusu asubuhi wakati wa masika ya huko, mapema zaidi kukiwa na joto. Jaza upepo hadi tairi iwe ngumu lakini bado inabonyea kidogo kwa kidole gumba. Tairi iliyojaa kupita kiasi inaruka kwenye kokoto na kukuchosha mikono.

Pima mzigo wa mikoba: tofauti ya kulia na kushoto isizidi kilo moja. Vitu vizito viwe chini, karibu na habu ya gurudumu. Koti la mvua na vifaa vya pancha viwe juu kabisa.

Umefaulu ukiona: vibao vya kijani na nguzo za kilomita, tuta lililonyooka mbele yako, na mwinuko usiopanda zaidi ya ule ambao treni ingeuweza. Ukijikuta unapanda mlima mkali, umepotea. Rudi hadi kibao cha mwisho ulichokiona.

## Hatua ya 7: Mahandaki na makutano

Bila magari haina maana bila hatari. Zipo mbili.

Ya kwanza ni mahandaki. Ukitoka kwenye jua kali na kuingia gizani, macho yanachukua sekunde kadhaa kuzoea, na katika sekunde hizo hauoni mtu anayetembea na mbwa wake. Washa taa kabla ya mlango, vua miwani ya jua, punguza mwendo, piga kengele, kaa kulia. Baadhi ya mahandaki yana taa za ukutani. Kuna siku haziwaki. Usisimame ndani kupiga picha.

Ya pili ni makutano na barabara. Njia inakatiza barabara za mashamba na, mara chache, barabara kubwa. Kuna madaraja mahali pengine, na kwingine unavuka chini. Kwenye kila kivuko chenye alama ya kupisha, wewe ndiye unayepisha, hata kama mbele unaona vumbi tu. Trekta la zeituni haliwezi kusimama ghafla. Na kuna vipande vifupi, hasa ndani na kandokando ya miji, ambako tuta limekatwa na ujenzi na unapitishwa mtaani. Hapo vibao vinakuwa vichache. Simama, tazama ramani, usimfuate tu mwendesha baiskeli aliye mbele; huenda anarudi kwake.

Wanaotembea kwa miguu wana haki ya kwanza kila mahali. Farasi ukimkuta, punguza, sema "hola" kwa sauti ili akusikie kuwa ni binadamu, umpite mbali. Kengele inawashtua.

Namba ya dharura ni 112. Taja nguzo ya kilomita iliyo karibu nawe; ndivyo watakavyokupata.

## Hatua ya 8: Maji, chakula na saa za Wahispania

Bomba lenye kibao "agua potable" nywa. Lenye "agua no potable" osha uso na mikono tu. Lisilo na kibao lichukulie kuwa la pili. Jaza kila chupa kila mji, hata kama iliyobaki ni nusu. Kunywa kabla ya kiu.

Maduka madogo yanafungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, na Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa. Jikoni za migahawa hazitoi chakula cha jioni kabla ya saa mbili usiku. Mgeni mwenye njaa saa kumi na mbili jioni anaishia kula biskuti. Panga siku yako kwa saa zao: endesha asubuhi, fika saa saba, kula mlo mkubwa wa mchana wa bei moja uitwao menú del día, lala kidogo, kisha utembee mjini jioni. Jumamosi nunua chakula cha Jumapili.

Kwa wasiokula nguruwe: uwe macho. Jamón inanyunyizwa juu ya vitu ambavyo havikuandikwa kuwa na nyama, kama salmorejo, supu nzito baridi ya nyanya. Sema "sin jamón, sin cerdo" unapoagiza, na urudie sahani ikija. Kifungua kinywa salama ni tostada con aceite y tomate: mkate wa kuchoma, nyanya ya kusaga na mafuta ya zeituni. Mkoa wa Jaén una mizeituni zaidi ya milioni 60, na mafuta yake ya aina ya picual yana ukali kidogo kooni, usidhani yameharibika. Miminia bila haya. Ni mlo wa bei ndogo utakaokuvusha hadi mchana.

## Hatua ya 9: Pancha, kwa sababu itatokea

Mbigili zile zile za kwetu zinaota kusini mwa Hispania, kandokando ya njia, na mwiba wake unaingia tairi bila kelele. Ukisimama kupumzika, usiiburute baiskeli kwenye majani makavu. Ibebe au iache kwenye njia. Pancha nyingi zinapatikana wakati wa kupumzika.

Ikipata pancha, badilisha mpira wa ndani, kiraka utaweka jioni kitandani. Kabla ya kuingiza mpira mpya, pitisha kidole taratibu ndani ya tairi, mzunguko mzima, mara mbili. Mbigili huacha ncha iliyovunjika ambayo macho hayaioni. Asiyefanya hivi anapata pancha ya pili ndani ya dakika kumi na kulaumu mpira.

Ukiwa na tairi zinazopokea gundi ya maji ya kuziba matundu, mwombe mwenye duka aiweke kabla ya kuondoka. Kwa njia hii inalipa.

Umefaulu ikiwa: tairi haijapungua upepo baada ya nusu saa. Ibonyeze tena kwa kidole kabla ya kulala. Tairi iliyolegea asubuhi ina mwiba uliobaki.

## Hatua ya 10: Kuondoka Puente Genil

Fika kabla ya saa sita mchana. Saa nane kila mtu anayeweza kukusaidia yuko mezani.

Kama unapanda treni ya kasi, kumbuka stesheni iko nje ya mji, na kipande hicho unakwenda barabarani pamoja na magari: kizibao mwilini, taa zote mbili zikiwaka hata mchana. Uwe pale saa moja na nusu kabla. Osha tope kwanza, mfuko mchafu unaweza kukataliwa. Fungua baiskeli nje ya jengo kwa utaratibu ulioufanyia mazoezi: pedali (ya kushoto inafunguka kwa kuzungusha kuelekea saa inavyokwenda), magurudumu, usukani ukigeuzwa sambamba na fremu, kiti chini. Ingiza kipande cha mbao au plastiki ngumu kwenye nafasi ya gurudumu la nyuma ili fremu isibanwe. Skrubu zote ziingie kwenye mfuko mmoja mdogo, ufungwe kwenye fremu yenyewe.

Kama baiskeli ni ya kukodi, ipige picha pande zote mbili mbele ya anayeipokea, pamoja na cheni na magurudumu, na mwombe atie sahihi kwenye risiti kabla hajaipakia. Amana yako irudishwe kwenye kadi hapohapo au upewe tarehe kwa maandishi.